Muulize Mwalimu: Mwanangu aende Songea kuona kaburi la walionyongwa?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano hapa Njombe. Shule inapanga kuwapeleka Songea, kwenye Makumbusho ya Vita vya Maji Maji, na wazazi tumeambiwa tuchangie nauli na chakula. Nimesikia pale kuna kaburi la watu walionyongwa. Huyu mtoto usiku bado anaogopa kwenda chooni peke yake, itakuwaje? Baba yake hataki kabisa. Anasema hayo ni mambo ya Wangoni, sisi ni Wabena, na isitoshe yote yamo kitabuni. Hivi mtoto anajifunza nini kule ambacho hawezi kukisoma nyumbani?

*Mama wa Njombe*

JIBU

Marahaba mwanangu. Changia, aende.

Nimefundisha historia shule za msingi mpaka nikastaafu, na watoto nimewapeleka pale. Wengi huwa wanakwenda na kicheko. Wamesoma kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji, akawaambia risasi za Mjerumani zitageuka maji, watu wakaamini, wakafa. Mtoto anafunga kitabu akiwa na wazo moja tu: babu zetu walikuwa wajinga. Hilo linaniuma sana, na kwa chaki peke yake sikuwahi kufanikiwa kuling'oa.

Mle ndani ya makumbusho, mtoto akisimama mbele ya ngao ya ngozi na mikuki, kicheko kinakatika chenyewe. Anaanza kujiuliza: mtu mwenye akili zake anatokaje na hii kwenda kuikabili bombomu? Alikuwa amefikishwa wapi? Hapo ndipo somo linapoanza. Kuna kodi, kuna akida, mtumishi wa serikali ya Mjerumani, na kiboko chake, kuna shamba la pamba ambalo watu wanalimishwa huku mashamba yao wenyewe yanaota majani. Julai 1905, kule Nandete kwenye milima ya Wamatumbi, watu waliingia shambani wakaing'oa ile pamba, na vita ikaanza. Sasa mwambie mwanao awafikirie Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni. Hawakuwa na mtawala mmoja, na Wangoni walikuwa wamewavamia majirani zao miaka mingi. Maji yale yaliwaweka kwenye kiapo kimoja, jambo ambalo hakuna chifu aliyewahi kuliweza. Mtoto akilielewa hilo, hamwoni tena babu yake kuwa mjinga.

Halafu kuna jambo ambalo watu wazima tunapenda kuliruka. Mvulana mmoja wa darasa langu alimuuliza mwongozaji, "Wajerumani wenyewe walikuwa wangapi?" Akajibiwa kwamba Wazungu walikuwa wachache, askari wengi walikuwa Waafrika: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Yule mtoto akaguna, kisha akauliza, "Walikuwa wanalipwa?" Walikuwa wanalipwa, ndiyo. Safari ya kurudi ikawa ni ubishi basi zima: wewe ungekuwa na njaa, ungekwenda kuwa askari? Sikuwanyamazisha. Miaka yangu yote darasani sijasikia mjadala wa historia uliokuwa na moto kama ule.

Na njaa yenyewe lazima waisikie. Serikali ya Gavana von Götzen ilipoona vita haiishi, ilichoma vijiji, maghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakupigwa risasi, walikufa njaa. Hesabu hiyo mtoto haiwezi. Anayoiweza ni ile ya 67, kwa sababu watoto 67 ndio wanaojaa chumba kimoja cha darasa kwenye shule zetu nyingi. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa watu 67, Nkosi (mtawala wa Wangoni) Mputa Gama akiwamo, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna (jemadari) Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Wanafunzi wangu walikuwa wanaijua Songea kama stendi ya mabasi; pale ndipo walipojua kwamba Songea alikuwa mtu, ana kaburi na ana wajukuu.

Kuhusu woga: kaburi lenyewe halijawahi kuwatisha watoto wangu. Kinachowashtua ni kichwa. Ukoo wa Mbano unasimulia kwamba kichwa cha Nduna Songea kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakisubiri. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea, akakaa na wana ukoo, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Yote haya mwambie mwanao wewe mwenyewe, mchana, jikoni kwako, asije akayasikia kwa mara ya kwanza katikati ya kundi la watoto wanaosukumana. Akirudi usimfanyie mtihani. Muulize ameona nini, umwache aseme, hata akirudia kile kile kwa siku kadhaa. Na akishtuka usiku, mtaongea usiku.

Mwombe pia mwalimu wao awape muda wa kutosha ndani, na asiruhusu picha za kuchekacheka juu ya kaburi. Na kona za Lukumburu, njiani kwenda Songea, unazijua: asubuhi hiyo asile maandazi, atatapika.

Sasa baba yake. Mwambie kwa heshima kwamba Septemba 1905 Wabena wa chifu Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, hapo hapo jirani na mji wenu wa Njombe. Vita hii ni yake pia. Kabla ya safari ya Songea, Jumamosi moja amchukue mtoto wende Yakobi, halafu wapitie kwa wazee wa ukoo wawaulize walisimuliwa nini kuhusu miaka ile, nani alikwenda vitani, na watu walikula nini mashamba yalipoungua. Mtoto aandike majibu kwenye daftari, aende nalo Songea. Baba akikataa bado, mwambie aniandikie yeye mwenyewe, nitamjibu.