Mguu Mmoja Ukivimba, Usikandwe

Basi la Mombasa hadi Mokowe nilikaa dirishani, mizigo miguuni, sikunyanyuka hata tulipofika Witu. Siku ya tatu, nyumbani Langoni, Lamu, shavu la mguu wa kushoto likajaa, gumu, lina moto. La kulia zima. Mama akaja na mafuta ya simsim anikande. Nikamshika mkono: "Mama, usiuguse."

Miaka miwili kabla, mimi na mke wangu tukihangaikia mtoto, nilipimwa nikaonekana nina kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) X ya ziada: XXY badala ya XY. Daktari Harry Klinefelter alieleza hali hii mwaka 1942, ndiyo maana ina jina lake. Wengi wetu huambiwa habari za uzazi na homoni, basi. Mimi niliambiwa na hili pia: damu yetu ni nyepesi kuganda kwenye mishipa ya miguu kuliko ya wanaume wengine. Ukikanda, donge la damu laweza kung'oka likapanda mapafuni, na hapo huua.

Zahanati ya kwanza nilipewa dawa ya maumivu, eti ni msuli. Sikutaja XXY; foleni imejaa watu wa mtaani, niliona haya. Ndugu yangu, itaje. Omba mlango ufungwe, useme. Ya pili nilisema, nikapelekwa ultrasaundi siku ileile, na donge likaonekana.

Nilidungwa heparini tumboni, kisha vidonge vya warfarini, zote dawa za kuzuia damu isigande. Matibabu hayapungui miezi 3. Warfarini inataka kupimwa damu mara kwa mara. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kiwe kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu sikuacha, ila nilikula kiasi kilekile kila wiki, maana vikizidi ghafla hupunguza nguvu ya dawa. Diklofenaki na aspirini usijinunulie dukani, utavuja damu ndani. Vipo vidonge vipya visivyohitaji INR. Muulize daktari kama vinakufaa.

Na testosteroni, homoni ya kiume, kama unadungwa: huongeza chembe nyekundu, damu ikawa nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, daktari hupunguza dozi au huisimamisha kwanza. Usiache mwenyewe.

Pumzi zikikukata ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, au ukikohoa damu, usingoje kukuche. Kama hospitali iko ng'ambo, mwamsheni nahodha usiku huohuo.