Hari za usiku, na ile damu uliyoitaja mwishoni

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Nina miaka 52, nakaa Langoni, Lamu, nauza mahamri. Mwaka wa pili huu nashikwa na hari. Yaanza kifuani, yapanda shingoni hadi usoni, leso yarowa chepechepe, kisha natetemeka kwa baridi. Mume wangu amehamia barazani kulala. Daktari alinitajia vidonge vya homoni, binti yangu akasema vyaleta saratani. Nimeze au niache? Siku zangu zilikatika miezi 14, ila mwezi jana niliona damu kidogo. Nadhani ni joto la kaskazi tu.
Mama Mahamri

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenijazia ukurasa mzima wa hari, damu ukaipa mstari mmoja chini. Mimi naanzia chini.

Mwanamke akitimiza miezi 12 bila kuona siku zake, huhesabiwa amekoma hedhi. Wewe ulifika 14. Damu ya baada ya hapo, hata tone la kuchafua leso, si kaskazi. Mara nyingi ni ngozi ya ndani ya uke au ya mji wa mimba imekonda kwa kukosa homoni, au kinyama kisicho na madhara. Lakini saratani ya mji wa mimba nayo huanza kujionyesha hivyo hivyo, na ikikutwa mapema hutibika. Nenda hospitali wiki hii, taja damu kabla ya hari, uombe skani. Homoni usiziguse mpaka ijulikane damu imetoka wapi.

Sasa hari. Nazijua. Nilipofika 50 hapa Malindi, nikiamka saa nane za usiku nakaa kwenye ngazi, miguu ndani ya beseni la maji. Zahanati moja ilinipa dawa za malaria mara tatu bila kunitoboa kidole. Na mimi, mkunga mzima, nikameza! Mwisho nikajipima mwenyewe hari ikiwa imenishika: 36.8. Homa gani hiyo? Estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, sehemu ya ubongo inayopima joto hudanganyika kwamba mwili umechemka, ikafungulia jasho.

Binti yako hakutunga. Mwaka 2002, Marekani, sehemu ya utafiti uitwao Women's Health Initiative ilisimamishwa. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwamo, nusu wakimeza estrojeni na homoni ya pili, projestini, nusu vidonge visivyo na dawa. Kwa waliomeza homoni, saratani ya matiti ilizidi kwa wanawake 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Habari ikaenea, vidonge vikatupwa. Ambacho hakikuenea ni umri wao: wastani miaka 63! Hesabu zilipopigwa upya, kwa wengi walio chini ya 60, au ambao hawajapita miaka 10 tangu kukoma hedhi, faida ilizidi hatari. Kwa umri, wewe umo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mshipani, kwa kawaida hapewi.

Watakaokwambia "zitapita" hawakosei, ila waulize lini. Utafiti mwingine wa Marekani uliwakuta wenye hari za mara kwa mara wakikaa nazo kama miaka 7, na wanawake weusi zaidi ya 10.

Kwa sasa sogeza karai mlangoni penye upepo, na mumeo mwache huko barazani, kwanza utapata nafasi kitandani. Majibu ya skani yakitoka niandikie, ndipo tuzungumze vidonge.