Jibu kwa aliyeuliza: tii ya besiboli inayodumu, kwa vifaa vya hapa hapa Uganda

Ndugu yetu wa Mbale anasema tii za plastiki zinamvunjikia kabla muhula haujaisha. Kwa wasioijua, tii ni ile nguzo ya kuwekea mpira wa besiboli ili mpigaji ajifunze kuupiga ukiwa umetulia. Anauliza kama fundi wa mtaani anaweza kumchomelea moja ya chuma kitupu. Anaweza. Ila usimruhusu, maana mimi nilianza hivyo.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma hapa Jinja, na jioni nawafundisha watoto besiboli. Tii yangu ya kwanza ilikuwa bomba la maji la inchi moja juu ya bamba zito. Yenyewe haikuvunjika; kilichoharibika ni magongo. Mtoto anayeanza hagusi mpira, anapiga sentimita tano au kumi chini yake, tena kwa nguvu zake zote. Chuma hakisogei, kwa hiyo kishindo chote kinarudi kwenye gongo na viganja. Gongo la alumini lilibonyea, la mbao likapasuka kufuata nyuzi zake, na kijana wa miaka kumi akaanza kufumba macho kila anapopiga. Hilo la macho liliniuma kuliko magongo, ingawa gongo moja kwetu linasubiriwa miezi mpaka atokee mtu wa kulileta.

Ya pili ilikuwa ya bomba la PVC lililosimikwa kwenye zege. Hiyo ilinifundisha mambo mawili. PVC ikikaa juani inakauka, na siku moja inakatika kama muwa. Pia ilikatikia palepale inapotokea kwenye zege, kwa sababu unapopiga nguzo juu, shina ndilo linalobeba mzigo wote, na kadiri nguzo inavyorefuka ndivyo shina linavyoteseka. Springi ya shokapu ya pikipiki nayo niliijaribu pale shinani. Nguzo ilikuwa ikiyumba kila baada ya pigo, foleni ya watoto ikisimama kuisubiri itulie, nikaiondoa.

Ninayotumia sasa ina kichwa ambacho nimekubali kitaliwa na magongo, na mwili ambao gongo halipaswi kuufikia kabisa.

Kichwa ni kipande cha hozi ya rejeta, lile bomba la raba linalopitisha maji ya kupoza injini ya gari, urefu sentimita 20, kipenyo cha ndani milimita 38 hivi. Hozi ya rejeta ina nyuzi ndani ya raba, inapinda na kurudi, na gereji wanazitupa zikishapasuka upande mmoja tu. Kata upande mzima. Usishawishike kuchukua hozi pana ukidhani mpira utakaa vizuri zaidi. Mpira wa besiboli una mzingo wa milimita 229 hadi 235, yaani kipenyo kama 73 hadi 75. Juu ya hozi ya milimita 38 unazama milimita 5 tu. Ukitumia hozi ya 55 unazama zaidi ya 12, na hapo hata mtoto aliyepiga vizuri atakwaruza hozi kabla ya mpira. Mdomo wa hozi ukatwe sawasawa kwa kisu kilicholoweshwa maji ya sabuni, la sivyo mpira utadondoka kwa upepo mdogo tu.

Hozi inavalishwa juu ya bomba jeusi la maji la plastiki, lile la HDPE lenye mistari ya buluu, kipenyo cha nje milimita 32. Weusi wake ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa humo, nayo ndiyo yanayolikinga na jua. Bomba hili linauzwa likiwa limeviringishwa, kwa hiyo lina upinde. Lifunge kwenye chuma cha pembe kilichonyooka, ulimwagie maji yaliyochemka, uliache lipoe likiwa limefungwa. Kati ya hozi na bomba zungushia ukanda wa tyubu, ule ule wanaofungia mizigo kwenye boda, mpaka ibane. Klampu ya chuma sitaki kuiona hapo. Skrubu yake itachana gongo siku ya kwanza.

Hilo bomba jeusi linaingia ndani ya bomba la chuma la inchi moja na robo, ambalo tundu lake ni kama milimita 36. Nafasi inayobaki ijazwe na ukanda wa tyubu tena. Msuguano wa raba unashikilia kimo vizuri, na huhitaji kutoboa matundu ya pini yanayodhoofisha bomba. Nina vipande viwili vya bomba jeusi kwa bomba moja la chuma la sentimita 35: cha sentimita 40 kwa kimo cha chini cha wadogo, na cha sentimita 75 kinachofika kifuani kwa wakubwa. Hakikisha tu kwamba hata ukishusha kabisa, mdomo wa chuma unabaki sentimita 18 au zaidi chini ya mpira.

Sasa kitako. Nilitumia dramu kuukuu ya breki ya gari la abiria kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Katwe na Kisenyi kule Kampala zimejaa. Ni nzito, pana, na ina matundu ya bolti za gurudumu tayari. Ioshe kwa maji na sabuni, usiipulize, maana vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto. Fundi akitaka kuchomelea bomba moja kwa moja kwenye dramu, mkatalie. Dramu ni chuma cha kalibu, yaani kilichomiminwa, na kwa elektrodi za kawaida kitapasuka kando ya mshono. Achomelee bomba kwenye bamba la milimita 6, aweke pembetatu nne za kuegemeza shina, halafu bamba lifungwe kwa bolti. Utando wa zinki kwenye bomba usagwe kwanza kwa grainda, na kazi ifanyike nje penye hewa. Moshi wa zinki unaleta homa, na yale maziwa tunayoambiwa tunywe hayaizuii.

Kitako cha dramu ya kwanza kiliibwa kwa sababu chuma kinauzika. Kama huna stoo ya kufunga, mwaga zege ndani ya tairi la toroli: lita 4 zinakupa karibu kilo 10, na tairi linalizuia lisimeguke likiangushwa. Hakuna mnunuzi wa chakavu atakayelihitaji.

Jambo moja la ufundishaji, kwa sababu linahusu umbo. Usitengeneze kitako kwa umbo la pleti ya mpigaji, kile kibao cha chini anachosimama kando yake, na nguzo katikati. Mtoto atajizoeza kuupiga mpira ukiwa umeshamfikia tumboni, wakati mpira unaorushwa hupigwa mbele ya mwili, na ule wa upande wa ndani, unaopita karibu na mpigaji, mbele zaidi. Mimi nilimpa fundi wa lugabire, zile ndala za tairi, tairi kuukuu akanikatia pleti yenye upana wa sentimita 43. Inalala chini peke yake, nami naisogeza tii mbele au nyuma yake kulingana na mpira ninaotaka wajifunze.

Watoto wa Lugazi, barabara hii hii ya kwenda Kampala, mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule South Williamsport, Pennsylvania, Marekani. Wangu wanaijua habari hiyo kwa moyo na wanataka kupiga kila siku. Kwa timu ya watoto 20 hivi, hozi inanichukua miezi mitatu au minne kabla haijachanika. Naibadilisha pale pale uwanjani kwa dakika tano, bila spana. Bomba jeusi ni lile lile la mwaka juzi.

Ukipata dramu, nipimie umbali kati ya matundu ya bolti uuweke hapa, nikuchoree bamba.