Kabla hujasafisha tumbo, meza metformini yako

Kaa kidogo kwenye benchi la kliniki ya sukari hapa Busia utasikia lawama ileile: metformini, dawa ya kushusha sukari, inaharisha. Mtu anaanza vidonge, tumbo linamvuruga, anaviweka kabatini na kwenda kununua unga wa "kusafisha tumbo" kwa yule muuzaji mwenye spika stendi. Nami nina kisukari, aina ya pili, na hilo tumbo linalosafishwa lina watu wake.

Watu wenyewe ni bakteria. Wamejaa zaidi kwenye utumbo mpana, na wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga: za maharage, ulezi, na mboga za majani kama dodo na nakati. Wakizichachua hutoa asidi, mojawapo butireti, inayolisha ukuta wa utumbo. Asidi hizo pia huuchochea utumbo utoe homoni iitwayo GLP-1, ambayo huisukuma kongosho itoe insulini sukari inapopanda. Mwaka 2012 utafiti uliofanywa China kwa watu 345 ulikuta kwamba wenye kisukari cha aina ya pili wamepungukiwa na bakteria watengenezao butireti. Kama upungufu ndio ulioleta ugonjwa, au ugonjwa ndio ulioleta upungufu, hilo ni suala jingine.

Sasa njoo kwenye kidonge. Tumezoea kuambiwa kinafanya kazi kwenye ini, na ni kweli. Ila mwaka 2017 watafiti walichukua kinyesi cha wagonjwa waliokuwa wakitumia metformini, wakakipandikiza kwa panya wasio na bakteria wowote, na panya wale wakaimudu sukari vizuri zaidi. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya dawa inapitia kwa hao hao unaotaka kuwafagia kwa unga wa stendi!

Musawo (daktari) wangu alinianzishia dozi ndogo, niimeze katikati ya chakula cha jioni, akaipandisha polepole. Tumbo lilinguruma, kisha likazoea. Likikataa kabisa, usijiachishe dawa kimyakimya. Uliza kama ipo ile inayotoa dawa polepole, na hiyo usiivunje wala kuisaga.

Kuhusu sahani, hapa Uganda hatuna haja ya kuagiza kitu. Madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell, waliofanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi, ndio waliokuja kuutangazia ulimwengu miaka ya 1970 kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kinakinga magonjwa. Sisi wajukuu wa waliokula chakula hicho tumehamia chapati na soda.

Mimi hupima sukari saa mbili baada ya kula. Posho, yaani ugali wa mahindi, ya unga mweupe na mchuzi wa mukene (dagaa) hunipeleka 13 mmol/L. Kalo, yaani ugali wa ulezi, kiasi cha ngumi, maharage mengi na dodo, huwa karibu na 10. Ni mwili wangu huo, wako upime mwenyewe. Na nasema ngumi kwa makusudi, maana mlima wa kalo nao unapandisha sukari vizuri tu. Bushera, kinywaji chetu cha nafaka iliyochachuka, vilevile: ukishaitia vijiko vitatu vya sukari, usiniambie habari za bakteria wazuri. Maharage yaongeze taratibu, la sivyo gesi itakuaibisha msikitini au kanisani.

Kama unatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, ambavyo navyo hushusha sukari, mwambie musawo kabla ya kubadilisha chakula, sukari isije ikashuka ghafla. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana mjadala: insulini haiachwi, hata ale ulezi gunia zima.

Na ukianza kuhisi ganzi miguuni baada ya miaka mingi ya metformini, itaje dawa hiyo kliniki. Hupunguza vitamini B12 mwilini, na ganzi ya namna hiyo ina tiba yake.