Kesi ya kompyuta ina Taipu C mbele, mazabodi (bodi kuu ya ndani) haina pa kuichomeka

Kaka usiirudishe hiyo kesi dukani, bado inafaa. Umesema mbele ina USB 3.0 mbili za bluu na Taipu C moja, na mazabodi yako ina heda (kile kituo cha pini cha kuchomeka waya za kesi) moja tu ya pini 19. Sasa hiyo heda moja ndo inabeba zile mbili za bluu zote, kwahiyo ukinunua adapta ya kugeuza pini 19 kwenda Taipu C utapata Taipu C lakini za bluu hazitafanya kazi, kwa heda hiyo lazima uchague. Ukizitaka zote tafuta kadi ya PCIe (kadi ya nyongeza inayochomekwa kwenye mazabodi) yenye heda ya Taipu C ndani, mradi uwe na sloti ya kuichomeka iko wazi.

Kwa hizo za bluu kuna adapta pia ya kushusha USB 3.0 iingie kwenye heda ya 2.0 ya pini 9, inafanya kazi ila spidi inashuka toka 5 Gbps hadi 480 Mbps, kwa flashi kubwa utachoka kusubiri.

Na tafadhali sana, heda ya USB 2.0 na ya audio zote zina pini 9 na zinafanana mno, tofauti ni pale pini ilipokosekana, kwahiyo soma maandishi kwenye bodi, ikigoma usilazimishe. Ile ya pini 19 ukiichomoa vuta wima polepole, mi nishapindisha pini kwa haraka zangu na kuzinyoosha ilinichukua jioni nzima.

Waya wa swichi ya pawa ya kesi hauna chanya wala hasi, ila wa taa za kesi una chanya na hasi.