Kadi ya mtandao imo ndani ya doki

Wiki yangu ya kwanza kwenye kitengo cha TEHAMA, katika ofisi moja ya Posta hapa Dar es Salaam, nilitumwa ghorofa ya tatu kwa mama mmoja wa uhasibu. Nikamwamkia, nikachomoa waya wa doki, kile kisanduku cha mezani kinachoiunganisha laptopu na monita, kibodi na mtandao, ubavuni mwa laptopu yake, nikauchomeka tena, mtandao ukarudi. Kesho yake, baada ya chai ya saa nne, akapiga simu: umekatika. Nikapanda ngazi, nikachomoa, nikachomeka, ukarudi. Siku nne mfululizo. Siku ya tano akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hapo huwa unafanya nini hasa?” Sikuwa na jibu, na swali lile lilinikaa rohoni. Nakuandikia, mdogo wangu unayeanza kazi hii, ili siku ukiulizwa uwe nalo.

Nilichokuwa sikijui ni hiki: ukichomeka waya wa mtandao kwenye doki, hujauchomeka kwenye laptopu. Ndani ya doki mna kadi ya mtandao inayojitegemea, yaani sehemu inayotuma na kupokea data ya mtandao, na laptopu inaiona kama kifaa cha USB, sawa na inavyoiona flashi au kipanya. Kwenye doki nyingi za USB-C utakuta chipu ya Realtek, RTL8153 kwa kasi ya gigabiti 1 au RTL8156 kwa gigabiti 2.5. Nyingine zina AX88179 ya ASIX. Zipo doki za Thunderbolt zenye kadi ya Intel inayopita njia ya PCIe badala ya USB, lakini hata hizo kadi imo ndani ya doki. Kwa hiyo mtu akikuambia “mtandao hakuna”, kichwani mwako ipite njia nzima: tundu la laptopu, waya wa USB-C, doki, kadi iliyomo, waya wa mtandao, tundu la ukutani, swichi kwenye kabati, yaani kifaa kinachokutanisha nyaya za mtandao za ofisi. Popote pale panaweza kuwa pamekatika.

Usianze na skrini. Anza na taa ndogo zilizo pembeni ya tundu la RJ45 la doki, lile la waya wa mtandao. Usihangaike kukariri rangi, kila mtengenezaji ana zake. Angalia tu kama zinawaka au zimezima. Zikiwa zimezima, acha draiva (programu inayoiendesha kadi) kwanza: badilisha waya wa mtandao, kisha tundu la ukutani, kisha leta laptopu nyingine unayojua ni nzima. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mtandao ukarudi, utakuwa umemsaidia mtu wa leo, lakini kibovu bado kimo ofisini na hukijui.

Halafu uliza kama vitu vingine vya doki vinafanya kazi. Kibodi na kipanya vikiwa vimekufa pamoja na mtandao, tatizo liko kabla ya kadi, kwenye waya wa USB-C au kwenye doki yenyewe. Hapa wengi wanadanganywa na monita. Wanasema, “Doki ni nzima, si picha unaiona?” Kwenye doki nyingi za USB-C, picha inapita kwenye nyuzi zake na data ya USB inapita kwenye nyuzi nyingine ndani ya waya uleule. Picha inaweza kung'aa vizuri kabisa huku upande wa USB umelala.

Na waya wenyewe uutazame. Doki nyingi zina waya unaochomoka, na ofisini nyaya huazimana. Mtu akichukua ule wa chaja ya simu akauweka kwenye doki, laptopu itachaji na mtandao unaweza kupatikana, ila waya wa namna hiyo kwa kawaida ni wa USB 2.0, wenye ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde. Kadi ya gigabiti inapumulia kwenye tundu la sindano. Mtumiaji hatasema mtandao umekatika, atasema “siku hizi mtandao wa ofisi mzito”, na wewe utazunguka kwenye seva bure.

Kuna uzito mwingine unaofanana na huo. Fungua ncpa.cpl, orodha ya kadi za mtandao kwenye Windows, bonyeza kadi mara mbili, soma kasi. Ukikuta megabiti 100 mahali palipotakiwa kuwa gigabiti 1, shika waya wa mtandao. Gigabiti inahitaji nyuzi zote 8, wakati megabiti 100 inaridhika na 4, yaani namba 1, 2, 3 na 6. Niliwahi kukishika kichwa cha RJ45 nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha: nyuzi saba zilikuwa zimefika mwisho chini ya meno ya shaba, ule wa kahawia ulikuwa umeishia nyuma kama nusu punje ya mchele. Kwa macho ya juujuu waya ule ulikuwa mzima. Nilikikata kichwa, nikafunga kipya, kasi ikapanda palepale.

Taa zikiwaka na mtandao hamna, ndipo uje kwenye skrini. Andika ipconfig /all kwenye dirisha la amri (Command Prompt). Anwani ya IP, yaani namba ya laptopu kwenye mtandao, ikianza na 169.254 maana yake laptopu iliomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Na usishangae kukuta Ethernet 2, Ethernet 5, Ethernet 8. Windows huhesabu kila doki mpya kama kadi mpya. Ndiyo maana aliyeandikiwa anwani ya IP ya kudumu kwenye meza moja, akihamia meza ya pili haoni kitu: anwani ile imebaki kwenye kadi ya doki aliyoiacha.

Hapo tunafika kwenye jambo lililoniumiza zaidi ya yote, anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Kadi ikiwa ndani ya doki, na anwani ya MAC ni ya doki. Swichi nyingi za ofisi hufungwa zisikubali MAC isiyojulikana kwenye tundu husika. Siku moja tulibadilisha doki iliyoungua, tukaweka mpya ya aina ileile. Taa zikawaka, anwani ikaja ya 169.254. Nilitumia asubuhi nzima kufuta na kupakia draiva, kumbe swichi ilikuwa bado inaisubiri MAC ya ile doki ya zamani na inatupa kila kilichotoka kwenye mpya. Swichi nyingine hazivumilii hata hivyo, huzima tundu kabisa, nawe utaona taa zimezima na kudhani waya ni mbovu. Kabla hujamkabidhi mtu doki mpya, soma kibandiko cha chini, nakili MAC, umpelekee anayesimamia swichi. Mahali ambapo watu wanabadilishana meza, ingia kwenye BIOS ya laptopu, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Dell, HP na Lenovo wanazo laptopu zinazoweza kuifanya doki itumie MAC ya laptopu badala ya yake, hasa doki ikiwa ya kampuni hiyohiyo.

Umeme nausema kwa ufupi. Umeme ukikatika kidogo, laptopu inaendelea kwa betri na swichi ina UPS (betri ya akiba), lakini doki haina, kwa hiyo inazima na kuwaka. Wakati mwingine inarudi ikiwa imeganda. Ichomoe kwenye umeme na kwenye laptopu pia, subiri nusu dakika, anza na umeme kisha laptopu. Kuchomoa upande mmoja hakutoshi, maana laptopu nayo inaweza kuwa inaipa doki umeme kupitia USB-C.

Sasa usingizi, maana hapa ndipo doki inapoweza kuangusha watu wasiohusika. Kwenye ofisi moja mtandao wa ghorofa nzima, simu za mezani zikiwemo, ulikuwa unakufa jioni na kurudi asubuhi. Swichi ilikuwa inawaka, kila taa ya kijani. Tuliupata mzizi kwa kuchomoa waya mmoja mmoja kwenye kabati mpaka simu zikalia. Waya ule uliishia kwenye doki ndogo ya bei nafuu iliyounganishwa na laptopu iliyolala. Kadi ina haki ya kuiambia swichi “ngoja kidogo, nimejaa”. Laptopu ikilala hakuna wa kupokea data, kadi inajaa, inasema ngoja, ngoja, ngoja, bila kukoma. Swichi inatii, foleni inajaa, na majirani wanakosa njia. Dawa ilikuwa kuzima udhibiti huo wa mtiririko kwenye kadi na kwenye swichi, kisha kusasisha draiva. Ukisikia mtandao unaokufa watu wakiondoka ofisini, kumbuka kisa hiki.

Kwa yule mama wa uhasibu usingizi ulikuwa wa aina nyingine. Nilirudi kwake siku ya sita, na safari hii nilikaa kwanza nikamuuliza siku yake inavyokwenda. Akaniambia anafungua saa mbili, saa nne anashuka kunywa chai, anarudi saa nne na nusu au zaidi kidogo. Basi! Akiwa kwenye chai laptopu inalala. Akirudi, laptopu inaamka na kadi iliyo ndani ya doki haiamki nayo. Nilipochomoa waya wa doki nilikuwa naiamsha kwa nguvu, na kesho yake chai ikailaza tena.

Nikafungua devmgmt.msc, orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaingia kwenye kadi ile, kichupo cha Power Management, nikaondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kwenye mipangilio ya umeme nikazuia matundu ya USB kulazwa. Nikapakia draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa doki. Kisha nikamwomba ashuke kwenye chai kama kawaida, nami nikabaki nimekaa kwenye kiti cha wageni, naitazama laptopu ikizima skrini. Aliporudi akagusa kibodi, akaingiza nywila. Taa mbili za doki zikawaka, moja ikaanza kupepesa, na jedwali lake la mishahara likafunguka kutoka kwenye seva.

“Haya,” akasema akivuta kiti, “sasa niambie ulichofanya.” Nikamwambia.