Mtoto kwenda Samoa na shule: yale ambayo fomu ya shule haisemi

Dada, umeuliza kama ni salama kumwachia binti yako aende Samoa na shule yake ya hapa Auckland, New Zealand, atakula nini na ninyi ni Waislamu, na kama huko kubadilishana utamaduni kuna maana yoyote au ni likizo tu iliyopewa jina zuri. Mimi nilikwenda na kundi la shule ya mwanangu kama mzazi msimamizi, tukalala kijijini Savai'i, kisiwa kikubwa cha Samoa, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Chakula kwanza. Jumapili baada ya kanisa kuna to'ona'i, mlo mkubwa unaopikwa kwenye umu: mawe yanapashwa mpaka yawe mekundu, chakula kinapangwa juu, kinafunikwa majani. Kuna majimbi, mashelisheli, ndizi mbichi, samaki, na palusami, yaani majani machanga ya majimbi yaliyofungiwa tui zito la nazi. Mtu wa Unguja hapo hana ugeni. Shida ni nguruwe, maana ndiye nyama ya heshima na mara nyingi vyote huiva kwenye umu mmoja. Usingoje binti aje akatae sahani mbele ya wenyeji. Zungumza na mwalimu sasa hivi, awaandikie wenyeji mapema. Wasamoa ni watu wa dini kwelikweli. Ukiwaambia dini yangu hairuhusu, wanakuelewa na wanakutafutia samaki. Ukisema sipendi, umewavunja moyo. Na jambo ambalo watoto wetu waliozaliwa huku hawalijui: wageni na wazee hula kwanza, watoto wa nyumba wanakaa pembeni wakipepea nzi, na kinachobaki ndicho chao. Asimalize sinia.

Usalama? Mimi nilimwogopea mwanangu zaidi kwenye basi za Auckland. Fale, yaani nyumba za Kisamoa, nyingi hazina kuta, mnalala kwenye mikeka mkionekana na kijiji kizima. Faragha hakuna, na huo ndio ulinzi wenyewe. Jioni kuna sa, saa ya sala. Kengele au baragumu la kombe likilia, kila mtu anaingia ndani, na vijana wa kijiji wanasimama barabarani kuzuia wapitao. Matai, wakuu wa koo, wanaweza kuipiga faini familia iliyowapokea kwa utovu wa adabu wa mgeni wao. Malaria Samoa haipo, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka iwe kwenye begi la mkononi.

Kuhusu chanjo naomba unielewe vizuri. Watu huuliza mtoto achanjwe nini ili asiugue huko. Wasamoa wana haki ya kuuliza kinyume chake. Mwaka 1918 meli ya Talune ilitoka Auckland ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua, ikaruhusiwa kutia nanga Apia, mji mkuu wa Samoa, bila karantini, na karibu mtu mmoja kati ya watano akafa. Wakati ule New Zealand ndiyo iliyokuwa ikiitawala Samoa, na Waziri Mkuu wake Helen Clark aliomba radhi kwa mambo ya utawala ule mwaka 2002 tu. Halafu 2019 ikaja surua, ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo hakikisha kadi ya surua ya binti imekamilika kabla hajaenda kulala kwenye nyumba yenye vichanga.

Sasa hiyo kubadilishana. Muulize mwalimu swali moja: wao wanakuja lini? Sisi tulipewa ruhusa ya kuingia pale pale uwanja wa ndege wa Faleolo, bila malipo. Wenzetu kuja huku ilibidi waombe visa, walipe, wasubiri. Shule isiyochangisha pesa kwa ajili ya safari yao pia, hiyo inatalii. Ratiba yetu ilikuwa na nusu siku ya kupaka rangi darasa, na kwa maoni yangu ilikuwa kazi ya kupigia picha. Kijiji kina vijana wenye nguvu kuliko wetu.

Kilichowaunganisha watoto na wenyeji ni usiku wa fiafia, yaani usiku wa ngoma na nyimbo. Wenyeji wanacheza, kisha wanageuka: haya, nyinyi mmeleta nini? Waliokuwa na haka na nyimbo za Kimaori walisalimika. Binti mmoja wa Kikenya alisimama peke yake na leso kiunoni akacheza chakacha, akina mama wakainuka kumtuza noti za tala, pesa ya Samoa, kama ukumbi wa taarabu. Pesa zinakwenda kwenye mfuko wa kijiji au wa shughuli, asije akadhani ni zake! Basi mfundishe binti kitu, hata wimbo mmoja, lakini akijue hasa.

Kama bado anatumia pasipoti ya Tanzania au Kenya, angalia kwanza kama visa yake inamruhusu kurudi New Zealand. Shule hazikumbuki hilo, kwa sababu watoto wengi wana pasipoti za hapa.

Lavalava, kitambaa cha kujifunga kiunoni, usinunue dukani mjini, nenda soko la Otara hapa Auckland Jumamosi asubuhi, mbili zinatosha. Kikoi nacho kinafaa, mradi kivuke magoti akikaa chini. Nguo nyeupe ya Jumapili iwe na mikono.